Gitaa kavu nyuma ya sauti ya Shangazi: shajara ya mradi

9 Februari 2025: Tunachotaka

Shangazi huimba peke yake. Nimemsikia hivyo tangu utoto, kanisani, matangani, jioni akichambua maharage, na hajawahi kusindikizwa na chombo chochote. Mwezi wa nane ukoo wetu utakutana hapa Busia, upande wa Uganda, kwa ukumbusho wa bibi, na wazee wamemwomba aimbe nyimbo tatu alizotunga mwenyewe. Akaniita, akasema: "Safari hii nataka gitaa. Lakini lisinifunike, mwanangu."

Nimepiga gitaa la kwaya miaka sita. Piki, kile kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi, mkononi, nyuzi zote sita kwa mkupuo mmoja, juu chini, juu chini. Watu thelathini wakiimba, hilo linatosha. Jana nilimpigia Shangazi namna hiyohiyo, na kabla hatujafika ubeti wa pili nilikuwa nasikia gitaa tu.

Kwa hiyo mradi ni huu: kuacha piki na kujifunza kudonoa kwa vidole, kwa muda wa saa moja kila jioni nikishafunga karakana yangu ya baiskeli, hadi Agosti. Nitaandika tarehe, gharama, na hasa nilipokosea, maana naamini kuna wengi wenye gitaa la kwaya na mtu mmoja nyumbani mwenye sauti nzuri. Jambo lenyewe si geni Uganda. Waganda wana mtindo mzima uitwao kadongo kamu, yaani kigitaa kimoja: mtu mmoja anasimulia kwa kuimba, gitaa likimfuata. Na ng'ambo tu ya mpaka wetu, magharibi ya Kenya, akina George Mukabi walikuwa wakipiga gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, kwa vidole miaka ya 1950 huku wakiimba wenyewe.

16 Februari: Gitaa, na kosa la shilingi 43,000

Gitaa la kwaya ni mali ya kwaya, haliondoki. Nikanunua kuukuu kwa shilingi 150,000: shingo pana, nyuzi za nailoni, mbili kati yake zimekufa. Dukani nilikuta nyuzi za chuma tu, seti shilingi 20,000. Nikazinunua, tena kwa furaha, kwa kuwa nilitaka mlio mkali.

Usiku wa pili nilisikia mlio kama wa mti mkavu ukivunjwa. Asubuhi nikakuta daraja, kile kipande cha mti kinachoshika nyuzi kifuani mwa gitaa, limeinuka upande wa nyuma, karatasi inapita chini yake. Gitaa la nailoni limejengwa jepesi: seti yake ikishavutwa hadi sauti sahihi hulibebesha mzigo wa kilo 40 hivi kwa jumla. Seti ya kawaida ya chuma hufika kilo 70 na zaidi. Mimi ninayekaza spoku kila siku ya Mungu nilipaswa kulifikiria hilo kabla ya kugusa funguo za kukazia nyuzi.

Ukitaka kujua gitaa lako ni la aina gani, tazama darajani. Nyuzi zikifungwa fundo kwenye daraja lenyewe, hilo ni la nailoni. Zikizuiliwa kwa vipini vilivyochomekwa kwenye matundu, hilo ni la chuma.

Seremala jirani alikwangua gundi ya zamani yote hadi kwenye mti, akapaka mpya, akabana kwa vibanio viwili. Gundi 8,000, kazi yake 15,000. Nikaliacha siku mbili bila kuligusa. Nyuzi za nailoni zilitoka Kampala, 30,000, na 5,000 za kusafirisha kifurushi. Zile za chuma nimewapa kwaya.

Nyuzi mpya za nailoni hulegea kwa siku kadhaa. Siku hizi za kwanza nazituni upya kila baada ya robo saa, na ndivyo inavyotakiwa, si ubovu.

2 Machi: Mkono wa kulia

Mgawanyo niliouchukua ni wa kawaida: gumba kwenye nyuzi tatu nene, ya sita, ya tano na ya nne; shahada uzi wa tatu, kidole cha kati uzi wa pili, cha pete uzi wa kwanza. Kidole cha mwisho hakina kazi. Wiki mbili nimepiga gumba peke yake. Kwenye kordi ya C (kordi ni sauti kadhaa zinazolia pamoja) linaanza uzi wa tano, la nne, la sita, la nne tena. Kwenye G linaanza la sita. Hakuna la kusimulia hapo zaidi ya uvumilivu.

La kusimulia ni kucha. Mafunzo mengi niliyoyaona yanataka kucha ndefu za mkono wa kulia. Mimi nafungua tairi kwa mikono. Ya shahada ilikatika siku ya tatu, ya kati siku ya tano, na kucha iliyokatika vibaya inakwaruza uzi kila inapopita. Nikajaribu kujichongea kucha ya gumba kwa plastiki ya kopo la mafuta, ikawa inateleza na kugeuka katikati ya wimbo. Nikazikata zote fupi kabisa, nikaanza kudonoa kwa nyama ya ncha ya kidole.

Sauti ikapungua ukali na ikawa ya mviringo. Shangazi alikuwa uani anafua. Akasema bila kugeuka, "Hiyo ndiyo." Kwa anayesindikiza sauti ya mtu, nadhani nyama ni bora kuliko kucha, hata kama kazi yako haizivunji.

30 Machi: Kasi isiyo na faida

Nilipakua kwenye simu programu ya metronomu, inayohesabu mapigo kwa mlio. Nilianza na mapigo 50 kwa dakika, nikiongeza manne kila nilipoweza kupiga dakika tano bila kosa. Sasa niko 98: gumba linakwenda na kurudi, shahada na cha kati vinajaza katikati. Nilijisikia mpigaji.

Leo Shangazi ameimba nami wimbo wa kwanza. Yeye huuimba kwa mapigo 66. Nikashuka hadi 66 na vidole vikaanza kuanguka kimoja baada ya kingine. Polepole kuna nafasi kubwa kati ya dono na dono, na kila chembe ya kuwahi au kuchelewa inasikika. Wiki nne za kupanda ngazi nilikuwa nimezitumia mahali ambapo wimbo haupo. Ukianza mradi kama huu, muulize mwimbaji wako aimbe kwanza, hesabu mapigo yake kwa kutazama saa, kisha fanya mazoezi hapohapo na chini kidogo ya hapo. Mimi sasa nafanya kati ya 58 na 70 tu.

Lakini kuna tatizo jingine ambalo kasi haielezi. Hata nilipopiga sawasawa, Shangazi alisimama kila mstari wa kwanza. "Nahisi kama mtu ananivuta kitenge kwa nyuma," alisema. Nimerudia mara nane. Sijapata dawa.

13 Aprili: Afande

Jirani yetu ni polisi mstaafu, Mualuri wa Nebbi. Kiswahili chake ni cha kambini, na sisi sote tunamwita Afande. Anapiga adungu, kile kinubi cha Waalur chenye shingo iliyopinda kama upinde, na huimba huku akipiga. Nilimwomba aje asikilize.

Alisikiliza beti mbili. "Wewe, unajua maneno ya hii wimbo?"

"Nayajua, Afande."

"Weka hiyo gitaa chini. Imba."

Nikaimba. Nilisahau mstari wa tatu na kuchanganya wa tano na wa saba. Nilikuwa nimeusikia wimbo huo maisha yangu yote, na kwa miezi miwili nimekuwa nikiupigia, lakini sikuwahi kuubeba mdomoni mwangu mwenyewe. Afande akanipa amri: siku tatu hakuna gitaa, naimba na Shangazi, napiga makofi tu.

Siku ya pili ya makofi ndipo nilipoona kosa. Naliandika kwa urefu kwa kuwa ndilo lililonigharimu muda mwingi kuliko yote, na sikulikuta katika somo lolote la gitaa.

Wimbo unaanza hivi:

*Mzigo wangu si mzito,*
*njia ndiyo ndefu mno.*

Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mzigo mkazo uko kwenye "zi", wangu kwenye "wa", mzito kwenye "zi". Kwa hiyo kwenye mstari wa kwanza makofi yanaangukia zi, wa, si, zi. Ile "m" ya mwanzo iko nje, inatangulia kofi. Mstari wa pili ni tofauti: njia, ndiyo, ndefu, mno, mikazo yote iko kwenye silabi ya kwanza ya neno, na "m" ya mno ni silabi kamili yenye mkazo. Mstari huo unaanza pamoja na kofi.

Mimi nilikuwa nikihesabu moja, mbili, tatu, nne, na gumba langu likipiga uzi wa tano pamoja na ile "m" ya kwanza. Maana yake gumba lote lilikuwa likiangukia m, go, ngu, m. Nilikuwa namlazimisha Shangazi aseme mziGO waNGU, kama mtu anayejifunza lugha. Yeye hakuwa na jina la kosa hilo, lakini mwili wake ulilikataa, ndiyo maana alisimama.

Dawa yenyewe ni ndogo. Yeye anaanza "m" peke yake, hewani, na gumba langu linamkuta kwenye "zi". Nimeandika maneno yote ya nyimbo tatu kwenye daftari na kuweka nukta chini ya kila silabi yenye mkazo. Silabi yenye nukta ndiyo ya gumba. Zisizo na nukta ni za shahada na cha kati, au ni za kimya.

23 Aprili

Nukta zinafanya kazi. Tumepita wimbo wa kwanza mara tano bila kusimama.

4 Mei: Ufunguo, kibanio na mpira wa tyubu

Mimi nina mkono mzuri kwenye ufunguo wa G, yaani wimbo ukiwa na G kama sauti yake ya msingi, Shangazi hana sauti nzuri kwenye G. Mwisho wa kila ubeti anashuka hadi sauti inageuka pumzi. Tulipanda nusu toni moja moja hadi akasema hapo pametulia: nusu toni tatu juu. Hiyo ni B iliyoshushwa, ambayo kwa kordi za wazi, zile zinazoacha baadhi ya nyuzi bila kushikwa, ni mateso. Jibu ni kibanio cha shingo (kapo), kinachobana nyuzi zote kwenye freti ya tatu, yaani chuma cha tatu cha shingoni. Unashika maumbo yaleyale ya G, gitaa linatoa B iliyoshushwa.

Kibanio nilikinunua 18,000. Nyuzi mbili za katikati zikawa zinazizima na kuvuma. Ilinichukua jioni mbili kutambua kwamba ubavu wake wa mpira umepinda kidogo, kwa ajili ya magitaa ya chuma ambayo ubao wa shingo yake umetuna. Ubao wa gitaa la nailoni ni bapa. Kibanio kilichopinda juu ya ubao bapa kinabana pembeni na kulegea katikati.

Nikachonga kipande cha mninga unene wa penseli, nikakinyoosha kwa msasa juu ya kioo, nikakivika mpira wa tyubu kuukuu, na kukifunga nyuma ya shingo kwa ukanda wa tyubu hiyohiyo. Kinabana nyuzi zote sawasawa. Gharama sifuri, dakika arobaini. Kaza kiasi tu: ukikaza mno, nyuzi nene zinapanda sauti na gitaa zima linasikika halijatuniwa.

1 Juni: Simu kwenye kigoda

Nimekuwa nikijisikiliza nikiwa nimelikumbatia gitaa, na hapo nilipo mimi ndipo mahali pabaya kuliko pote pa kusikilizia. Leo niliweka simu kwenye kigoda mita tatu mbele yetu, atakapokaa mjomba siku ya ukumbusho, tukarekodi nyimbo zote.

Nilisikitika. Vidole vilikuwa sahihi, mkazo sahihi, na maneno ya Shangazi hayakusikika nusu yake.

Nilisikiliza mara nyingi nikiandika kila mahali neno lilipozama. Karibu kila mara lilizama nilipodonoa uzi wa kwanza au wa pili. Nikajaribu kuelewa kwa namba. Uzi wa sita mtupu, yaani usioshikwa, ni hezi 82 (mitetemo 82 kwa sekunde), wa tano 110, wa nne 147, wa tatu 196, wa pili 247, wa kwanza 330. Sauti ya Shangazi inatembea kati ya 200 na 440 hivi. Nyuzi zangu tatu nyembamba zinatembea kwenye njia yake mwenyewe, na kibanio kinazipandisha zaidi. Gumba liko chini yake, halimgusi.

Nilibadili mambo manne, na naamini la kwanza lina uzito kuliko mengine yote.

Anapoimba, napunguza. Gumba na shahada tu, wakati mwingine gumba peke yake. Anapovuta pumzi au kushikilia silabi ya mwisho, ndipo nyuzi nyembamba zinaingia, dono tatu au nne, kisha zinatoka kabla hajafungua mdomo. Afande ndiye aliyenifundisha pa kutazama: "Usitazame mkono yako. Tazama mabega ya mama." Mabega yake yanapanda kidogo kabla ya kila mstari. Nikiyaona yanapanda, najua nina muda wa dono moja tu.

Pili, niliacha kufuata tuni yake kwenye nyuzi za juu. Nilidhani namsaidia. Shangazi hapambi mstari mmoja namna moja mara mbili, kwa hiyo mimi nilikuwa natangaza toleo la jana juu ya la leo.

Tatu, nimesogeza mkono kutoka karibu na daraja hadi ukingo wa tundu upande wa shingo. Karibu na daraja mlio ni mkali na unakata maneno, karibu na shingo ni laini.

Nne, kwenye wimbo wa kwanza nalaza ubavu wa kiganja juu ya nyuzi nene palepale zinapotokea darajani, ili besi iwe fupi, "tu, tu, tu", isiendelee kuvuma chini ya maneno.

Baada ya hapo nilirudia kuwasikiliza wapigaji wa zamani kwa masikio mapya. Jean Bosco Mwenda wa Katanga, kusini mwa Kongo, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952, alikuwa anadonoa kwa gumba na shahada. Vidole viwili, na wimbo umejaa. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania vinne kwa kuwa kitabu kilisema vinne. Wimbo wa kwanza sasa naupiga kwa viwili.

6 Julai: Mafungu ya sita, na wimbo usio na mapigo

Wimbo wa pili ni wa kubembeleza mtoto, unakwenda kwa mafungu ya mapigo sita. Mpangilio wa kawaida ni gumba, shahada, kati, pete, kati, shahada. Unapendeza masikioni, lakini pete inagusa uzi wa kwanza katikati ya kila fungu, na uzi huo unalia juu ya sauti yake. Nimeuondoa. Sasa ni gumba, shahada, kati, shahada, kati, shahada, nyuzi tatu tu. Vidole vilitaka kurudi kwenye desturi, ilibidi nibandike kipande cha plasta kwenye kidole cha pete kwa wiki moja ili nikihisi kila kinapotaka kuingia.

Kordi ya F imenishinda kwa kidole kilicholala nyuzi zote sita. Naishika ndogo, uzi wa nne hadi wa kwanza tu, gumba linaanzia uzi wa nne. Hakuna aliyelalamika.

Wimbo wa tatu ni wa matanga. Hauna mapigo ya kuhesabika. Shangazi anaongea nusu, anaimba nusu, anakaa kimya anapotaka. Nilijaribu kuuwekea mpangilio, ukafa mara moja. Kwa huo, gumba linateleza polepole juu ya nyuzi nne mwanzoni mwa kila mstari, kordi inalia yenyewe, nami nangoja. Ugumu wote ni kungoja. Mikono iliyozoea kwaya inaona kimya kama kosa lililotakiwa kujazwa.

17 Agosti: Jana

Watu walikuwa wengi kuliko viti. Nilikuwa nimetuni gitaa ndani ya nyumba. Tulipokaa uani juani, dakika kumi baadaye lilikuwa limeshuka, hasa nyuzi za nailoni zisizozungushiwa waya. Nikatuni upya mbele ya wazee wote, kwa aibu. Safari nyingine nitalitoa nje nusu saa kabla, lizoee joto la mahali.

Wimbo wa kwanza ulikwenda haraka kidogo, 72 au zaidi. Mimi ndiye niliyeanza haraka. Wa kubembeleza ulikaa sawa. Kina mama wa nyuma waliimba pamoja naye, na maneno waliyasikia.

Kwenye wimbo wa matanga, ubeti wa tatu, pale anapomwita bibi, Shangazi alinyamaza. Haukuwa ule unyamavu tuliofanyia mazoezi. Mabega hayakupanda. Sikujua atarudi au la. Nikaacha kordi, nikabaki na uzi wa tano peke yake, dono moja, ukishakufa dono nyingine, pole kabisa. Sijui ilikuwa muda gani, kwenye simu inaonekana ni sekunde 41. Halafu mabega yakapanda, nikaacha, akaanza mstari upya.

Nyumbani jioni hakusema lolote kuhusu gitaa. Aliniwekea chakula kwanza kabla ya mjomba.

31 Agosti: Hesabu, na wimbo wa nne

Gitaa 150,000. Nyuzi za chuma ambazo hazikutakiwa 20,000. Gundi na seremala 23,000. Nyuzi za nailoni na usafiri wake 35,000. Kibanio cha dukani 18,000, ambacho sasa kipo kwa kwaya kinakofaa. Jumla shilingi 246,000. Aliyesoma hapa kabla ya kununua anaweza kutoa 61,000 kwenye hesabu hiyo: chuma, matengenezo na kibanio.

Shangazi ameleta wimbo wa nne, kuhusu wanawake wanaovusha mahindi mpakani. Mstari mmoja una silabi tisa, unaofuata saba, halafu kumi na moja. Daftari liko juu ya benchi la karakana, nukta bado hazijakamilika. Wiki hii gitaa liko ukutani. Naimba maneno hayo nikinyoosha rimu, na mteja akiniuliza naimba nini namwambia asubiri, sijafika mwisho wa mstari.